Mita Moja Upande wa Mbwa

Kabla hamjanicheka, naomba ijulikane kwamba mimi ni mpima ardhi mwenye cheti, na cheti chenyewe kina muhuri. Nimepima viwanja, mitaro, barabara na shamba la ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani, na wote wawili walinishukuru, kila mmoja kwa wakati wake. Haya, sasa chekeni. Kazi yangu inayojulikana kuliko zote ni mstari wa chokaa kwenye bustani ya mtaa wetu, mstari wa kuwatenga mbwa waliofungwa kamba na mbwa walioachiwa, na mstari huo niliukosea kwa mita moja kamili. Mita hiyo, kati ya watu wote wa mtaa ule, ikamwangukia baba yangu mzazi.

Baba ni refa mstaafu. Mtaa mzima unamwita Refa, na hata mama humwita hivyo akiwa amemchosha. Alichezesha mpira miaka arobaini, akatukanwa katika viwanja vyote vinavyofikika kwa basi, na hakuwahi hata mara moja kubadilisha uamuzi. Magoti yalipogoma, wenzake wakampa saa ya ukutani, wakampigia makofi, wakaenda zao.

Akahamia nyuma ya pazia la sebuleni. Miezi mitatu alikaa pale na filimbi shingoni, akiichezesha nyumba. Nikiingia na viatu, nanyooshewa kidole. Simu ikilia wakati wa taarifa ya habari, anatazama saa na kuongeza dakika. Siku moja alimwonya mama kwa kupoteza muda kwenye kumenya vitunguu. Mimi nilicheka mbavu zikaniuma, lakini mama hakucheka. Aliniambia nimtazame vizuri, nikamtazama, nikaona ndevu za wiki mbili na mtu ambaye akishamaliza kupuliza filimbi hana la kusema na yeyote.

Kilichotuokoa ni benchi. Liko kwenye bustani, limepakwa rangi ya kijani, miguu yake imezamishwa kwenye zege, na ukilikalia unaona njia ya wakimbiaji, bembea za watoto na nyasi zote mpaka ukuta wa nyuma. Baba alilikalia mara ya kwanza siku tuliyomtoa kwa nguvu kwenda kununua dawa ya magoti. Kesho yake akaenda mwenyewe. Baada ya wiki alikuwa anaondoka nyumbani saa mbili kamili asubuhi na gazeti kwapani, na anarudi na habari: nani amekimbia, nani amejifanya anakimbia, nani amekimbia mpaka kwenye kibanda cha maji na kuishia hapo. Ndevu akanyoa. Mama akanivuta jikoni.

"Mwanangu, lile benchi asiliguse mtu," aliniambia. "Baba yako akilikosa anarudi nyuma ya pazia, na safari hii mimi simtoi."

Kisha akaja Godoro.

Godoro ni mbwa wa daktari wa meno. Ana manyoya mengi kiasi kwamba mpaka abweke hujui mbele ni wapi, na wakati ule alikuwa hajui kamba ni kitu gani. Asubuhi moja alitoka mbio upande wa bembea, akaruka, akakaa juu ya gazeti la baba na juu ya baba kwa wakati mmoja. Daktari akaja nyuma anahema, akasema maneno yale ambayo wenye mbwa wote huyasema.

"Usiogope, mzee wangu, anataka kucheza tu!"

"Kucheza kuna sheria!" baba alimjibu kutoka chini ya mbwa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baba akakusanya kundi la watu wa kamba, daktari akakusanya la watu wa kuachia, na kwa miezi miwili watu waliokuwa wakisalimiana miaka yote wakawa wanapishana kila mtu anatazama viatu vyake. Kamati ya bustani ikaitisha mkutano. Nilikaa viti vya nyuma, na nakiri kwamba kila aliyesimama alinishawishi. Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuangushwa na mbwa akavunjika mkono, alisema hawachukii mbwa, anawaogopa, na haoni kwa nini kuogopa kuwe kosa. Watu wakapiga makofi. Daktari wa meno akasimama, akasema Godoro anaishi ghorofa ya nne, vyumba viwili, na mbwa anayefungiwa ndani kisha akafungwa na nje lazima apate hasira, maana hata yeye daktari angepata. Watu walewale wakapiga makofi.

Baba akasema bustani ni ya umma, na mbwa si umma. Daktari akasema mbwa wake ana adabu kuliko nusu ya umma uliomo ukumbini. Baada ya hapo hakuna aliyemsikia mwenzake.

Mwenyekiti wa kamati ni mfamasia, na kwake yeye hakuna kisichogawanyika mara mbili. Akaamua bustani ikatwe katikati. Ina mita themanini kutoka ukuta wa lango mpaka ukuta wa nyuma, basi arobaini za langoni ziwe za kamba na arobaini za nyuma ziwe za kukimbia. Tujaribu siku thelathini kwa mstari wa chokaa na vigingi, kisha uzio wa kudumu usimamishwe palepale penye mstari. Nilipiga hesabu papo hapo. Benchi la baba liko mita thelathini na tisa na nusu kutoka langoni. Upande wa kamba, kwa nusu mita! Nilifurahi mpaka nikanyoosha mkono na kusema nitapima mimi.

Sasa niwaeleze kuhusu tepu yetu. Tepu ya ofisini ni ya zamani, kichwa chake kimechakaa na alama za mwanzo hazisomeki, kwa hiyo wapimaji wote pale ofisini huanzia kwenye alama ya mita moja badala ya sifuri. Ukitaka arobaini, unasoma arobaini na moja. Tumezoea hivyo, tunafanya huku tunapiga soga na hatukosei. Tatizo ni kwamba siku ile sikuwa napiga soga, nilikuwa nacheka. Baba alikuja kusimamia kazi. Alivaa jezi yake nyeusi na soksi zilizopandishwa mpaka magotini, akavikagua vigingi kimoja kimoja, akanikataza kuukanyaga mstari ambao mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naumwaga. Kila nikigeuka namkuta nyuma yangu, mikono mgongoni, tumbo limebanwa ndani, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu astaafu. Nikalewa furaha yake. Nikaanzia kwenye moja, nikasoma arobaini, nikagongelea kigingi. Nikaenda ncha ya pili ya mstari, nikakosea vilevile, kwa uangalifu mkubwa.

Benchi niliona liko karibu na mstari, na ndivyo lilivyotakiwa kuwa. Liko karibu upande gani, sikujiuliza.

Asubuhi ya ufunguzi mwenyekiti alikata utepe, watu wakamiminika, wa kamba huku, wa kuachia kule, na baba akatembea na gazeti lake mpaka kwenye benchi. Akasimama. Mstari ulikuwa umepita mbele ya benchi. Ili alikalie, ilimbidi auvuke aende upande wa mbwa.

Ile moja! Nilikuwa nimeisahau ile moja!

Baba aliutazama mstari, akalitazama benchi, akanitazama mimi. Watu wa kamba wote walikuwa wanamsubiri kiongozi wao. Kule nyuma daktari wa meno alikuwa ameinama anamfungua Godoro. Nikafungua mdomo niseme, lakini baba akainua mkono.

"Mstari umeshachorwa," alisema kwa sauti iliyofika kwenye bembea. "Mimi siwezi kuwa mtu wa kwanza kuukataa."

Akavuka, akakaa, akafungua gazeti. Godoro alifika kabla hajamaliza kusoma kichwa cha habari.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipaswa kusema palepale, najua. Lakini baba alikuwa ameshatoa uamuzi mbele ya watu, na kumwambia kwamba uamuzi wenyewe umesimama juu ya kosa la binti yake ingekuwa kumvua nguo hadharani. Nikajiambia nitasema kesho. Mnazijua kesho za namna hiyo.

Haikupita wiki, likajitokeza jambo ambalo kamati nzima haikuliwaza: mbwa hawasomi chokaa. Walivuka watakavyo, wenye mbwa wanaita mpaka sauti zinakauka, watu wa kamba wanapanda juu ya mabenchi yao. Siku ya nne ikawa zamu ya Pilipili. Pilipili ni kijibwa cha msusi wa mtaa wetu, uzito wake haufiki kilo tatu na ana hasira ya mbwa wa kilo arobaini. Akavuka mstari kumfuata yule fundi cherehani, aliyekuwa ametulia anakula biskuti zake. Fundi akapiga ukelele. Baba akapuliza filimbi.

Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu kumi na mmoja na hakuna aliyetofautiana na mwenzake. Mbwa wote wa bustani walisimama. Godoro alibaki na mguu mmoja juu. Pilipili akageuka, akarudi taratibu mpaka kwenye benchi, akakaa chini mbele ya baba. Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya njano, akamwonyesha.

Kuanzia hapo bustani ikawa haitoshi watu. Mbwa akivuka, filimbi inalia, anarudi. Mbwa akirudia, kadi. Pilipili akala nyekundu siku ya tisa, msusi akakata rufaa kwa barua ya kurasa mbili, baba akaisoma yote na kuikataa. Wakimbiaji wakawa wanapunguza mwendo wakifika pale ili wasipitwe na kitu. Mwenyekiti alikuja kukagua, mguu wake mmoja ukakanyaga chokaa, akapuliziwa filimbi yeye. Hata fundi cherehani akasogeza kiti chake karibu na mstari, upande wake wa kamba, akawa anashona vifungo pale.

"Nikiisikia ile filimbi, najua wamerudi kwao," aliniambia. "Moyo unatulia."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa naishi na baba, na nyumbani alikuwa analalamika toka anavua viatu mpaka anakwenda kulala.

"Leo yule Godoro amenilalia miguuni saa nzima," anasema. "Saa nzima! Nimekufa ganzi."

"Si ungemfukuza, baba?"

"Nimfukuze kwa sheria ipi? Yuko upande wake."

Mara mate ya mbwa yameloanisha ukurasa wa michezo. Mara mbwa mmoja mgeni amemletea fimbo ileile mara thelathini na mbili, alizihesabu, na kila akiitupa inarudishwa. Mama alikuwa anasugua suruali zenye manyoya huku anatikisa kichwa, na mimi kila unywele aliouokota niliuona ni wangu. Baba akaanza kuondoka nyumbani saa moja na nusu badala ya saa mbili. Halafu saa moja. Anasema anataka kuwahi kabla hawajajaa. Nikawaza, maskini, anakwenda kuiba dakika chache za utulivu kwenye benchi lake mwenyewe. Na uzio ukishasimama pale, hatazipata tena. Atavumilia mwezi, atavumilia miwili, kisha magoti yatamuuma siku moja, atabaki nyumbani, na pazia lile bado lipo.

Siku ya thelathini ikafika. Mafundi walileta nguzo na mifuko ya saruji, na fundi mkuu akaweka sururu juu ya chokaa yangu. Mwenyekiti aliwakusanya watu kwenye nyasi, akaamuru mbwa wote wafungwe kamba mpaka sherehe iishe, akaanza hotuba. Alipofika kwenye neno "mafanikio" nikashindwa kuvumilia. Nikasimama.

"Samahani, mwenyekiti. Mstari huu si sahihi."

Nikawaeleza yote, tepu, alama, arobaini iliyotakiwa kuwa arobaini na moja. Nikasema benchi la baba lilitakiwa liwe upande wa kamba, na kwamba mzee wa watu amekaa na mbwa mwezi mzima kwa uzembe wangu. Nikasema namwomba radhi mbele ya wote.

Msusi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikawashika wote, wa kamba na wa kuachia, watu wanashikana mabega ambao juzi tu hawakuwa wanaongea. Daktari wa meno alifuta machozi kwa mkono uliobaki, maana ule mwingine ulikuwa unavutana na Godoro.

"Siku thelathini, mzee wangu!" alisema. "Na hukusema neno! Jamani, mstari usogezwe, Refa arudishiwe benchi lake. Hiyo mita sisi hatuitaki."

"Naunga mkono," fundi cherehani akasema.

"Nani anapinga?" mwenyekiti akauliza, akiwa ameshageukia mafundi.

Mkono mmoja tu ulikuwa juu, na ulikuwa wa baba.

"Uamuzi wa uwanjani ni wa mwisho," alisema.

"Lakini Refa, ni kosa. Mpimaji mwenyewe amekiri."

"Makosa yamo kwenye mchezo."

"Wewe ndiye uliyedai kamba!"

"Na kamba zipo. Zile pale, upande ule."

Watu wakapigwa na butwaa. Baba akakunja uso, akaanza kutoa sababu ambazo mtoto wa chekechea angezikataa. Chokaa ikishaingia kwenye nyasi haitoki. Jua la upande huu ni zuri kwa magoti. Mzee wa umri wake hawezi kuhamishwahamishwa. Nikamshika mkono nimtulize.

"Baba, hakuna anayekuhamisha. Benchi halisogei. Utakaa palepale, ila mbwa ndio hawatakufikia tena."

"Ndiyo maana napinga!" alifoka.

Akasikia alichokisema. Wote tulikisikia. Akanivuta kwa mkono wa shati mpaka nyuma ya benchi, akateremsha sauti.

"Ulidhani sijui? Nimechora viwanja miaka arobaini. Asubuhi ile ya ufunguzi, mlipoondoka, nilihesabu hatua kutoka ukutani. Nikaona mita moja haipo."

"Mbona hukusema, baba? Kila siku ulikuwa unalalamika!"

"Ulitaka niseme nini? Mimi, kiongozi wa kamba?"

Aliwatazama mbwa, wamepangwa kwenye nyasi kila mmoja na mtu wake. Godoro alikuwa anavuta kuja kwetu mpaka daktari wa meno ameegemea nyuma na visigino vimechimba udongo. Pilipili alikuwa anabweka bila kupumua.

"Miaka arobaini watu wamenikimbilia, binti yangu," baba alisema. "Nikipuliza tu, wananijia mbio, na kila aliyenifikia alikuwa amekuja kunitukana. Hawa wananikimbilia kwa sababu nimefika."

Nilirudi kwa mafundi, na mwenyekiti akaniuliza tumeamuaje. Kwenye mchoro nikafuta arobaini, nikaandika thelathini na tisa, nikatia sahihi yangu.

"Chimba hapohapo," nikamwambia fundi mkuu, na daktari wa meno, bila kuagizwa na mtu, akamwachia Godoro kamba.